Viti 118, Nafasi ya Baiskeli Hakuna

Anayeujua mpangilio wa behewa la daraja la kawaida la Madaraka Express, treni ya Nairobi hadi Mombasa, anaijua namba hiyo: viti 118. Upande mmoja vitatu, upande wa pili viwili, abiria wakitazamana goti kwa goti, na juu ya vichwa rafu ya mabegi. Kosa lilifanyika hapo, na halikuwa la bahati mbaya. Mtu aliketi mbele ya mchoro, akahesabu viti, akalijaza behewa hadi kona ya mwisho, kisha akauidhinisha. Baiskeli haikuachiwa hata upenyo wa gurudumu moja.

Kwa abiria anayetoka Nairobi, akashuka Miritini, Mombasa, na kudandia tuktuk, jambo hili ni dogo. Kwa Ikutha, Kitui Kusini, ni kubwa. Stesheni inayowafaa watu wa Ikutha ni Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi, kaunti ya Makueni, zaidi ya kilomita 40 kutoka sokoni kwao. Treni ya kaunti, ile ya kusimama stesheni za njiani, inayoondoka Nairobi saa mbili asubuhi husimama pale. Kutoka hapo abiria hutafuta matatu au Probox na kufuata lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, ile iliyojengwa na Sinohydro. Lakini wangapi Kitui Kusini wana nyumba kando ya lami? Wengi hushuka njiani, kisha hubaki na mwendo wa mchanga na makorongo ambao hakuna matatu inayouingia. Mtu huyo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya baiskeli katika treni nzima, na ndiye aliyesahauliwa na mchoro.

Kazi iliyobaki ilifanywa vizuri: reli imenyooka, treni inafika kwa wakati, na safari ya Nairobi hadi Mombasa iliyokuwa ikimeza usiku mzima na zaidi sasa ni ya saa tano au sita.

Turudi kwenye viti. Mabehewa 40 ya abiria yaliyoagizwa kwa ajili ya huduma iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 yaliundwa China, yakaja na fikra za China kuhusu mzigo wa abiria. Huko, katika treni za kawaida, mtu mzima huruhusiwa kilo 20, na urefu, upana na kimo cha mzigo wake vikijumlishwa visizidi sentimita 160. Baiskeli nzima haiingii katika hesabu hiyo. Hukunjwa au hufunguliwa ikatiwa begini, la sivyo husafirishwa peke yake kama mzigo.

Kanuni hiyo ina akili yake kule ilikotoka. Mwaka huohuo wa 2017 miji ya China ilikuwa imefurika baiskeli za kukodi, zimepangwa kando ya njia kwa maelfu. Abiria alishuka treni, akafungua kufuli kwa simu, akaenda zake. Baiskeli ilikuwa ikimsubiri nje ya stesheni, kwa hiyo ndani ya behewa haikuhitajika. Nje ya stesheni ya Kibwezi hakuna baiskeli inayomsubiri mtu. Kulichukua behewa bila kuuliza nini kinalizunguka kule linakotumika ndiyo sehemu ya uamuzi huu isiyo na utetezi. Wahandisi walipima udongo wa Tsavo na wakahesabu mapito ya tembo chini ya tuta, kazi ya kuheshimiwa. Hakuna aliyempima abiria kuanzia ngazi ya behewa hadi mlangoni kwake.

Utetezi unaosikika ni wa mapato: kila kiti ni nauli. Basi tupige hesabu. Treni moja hubeba abiria wapatao 1,200. Chukua behewa moja tu, nenda kwenye upande wa viti vitatu karibu na mlango, ung'oe safu nne zinazofuatana. Umeondoa viti 12, yaani asilimia moja ya treni. Pale ukutani funga viti vya kukunja, ili siku isiyo na baiskeli watu wakae. Sakafuni weka mifereji ya magurudumu na mikanda ya kufungia. Baiskeli sita zitasimama hapo, zikipishana usukani, na njia ya katikati itabaki wazi kwa mhudumu na kigari chake cha chai.

Mifereji, si ndoano. Wapo wanaopenda kuiga picha za Ulaya ambazo baiskeli imening'inizwa kwa gurudumu la mbele kama mbuzi buchani. Ndoano inafaa baiskeli nyepesi ya mbio. Baiskeli ya Ukambani ni Black Mamba au nduguye: fremu ya chuma, stendi ya miguu miwili, keria iliyoimarishwa ili ibebe mitungi ya maji, uzito unaokaribia kilo 20 kabla ya mzigo. Mama aliyetoka kumwona binti yake mjini Athi River hawezi kuinyanyua hiyo hadi usawa wa kichwa ndani ya treni inayoanza kuondoka. Aisukume, aingize gurudumu kwenye mfereji, afunge mkanda, akae kando yake.

Atatokea wa kusema ipelekwe kama kifurushi. Kifurushi kina ofisi yake, saa zake na foleni yake, na kinaweza kusafiri siku nyingine kabisa. Anayeshuka Kibwezi mchana na bado ana mto wa kuvuka anaihitaji baiskeli siku hiyohiyo, mkononi.

Treni ya zamani ilikuwa na jibu bila kongamano lolote. Ilikuwa ya polepole, ilichelewa, na katika miaka ya mwisho chini ya Rift Valley Railways iliachwa ichakae kiasi cha kutia uchungu. Lakini nyuma yake kulikuwa na behewa la gadi. Enzi za East African Railways, kabla ya mgawanyiko wa 1977, mtu alifika stesheni na baiskeli yake, ikafungwa lebo, ikaegemezwa pamoja na vikapu, magunia na kuku. Gadi aliijua stesheni ya kuishushia kuliko mwenyewe. Behewa hilo halikuwa na kiti hata kimoja cha kuuza, na hakuna aliyesema linakula nauli. Huduma hiyo ya reli nyembamba kati ya Nairobi na Mombasa ilipofungwa mwaka 2017, kila mtu aliililia meza ya chakula na vyumba vya kulala. Waliomlilia gadi walikuwa wachache. Alistahili machozi zaidi.

Tanzania haikumtupa. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliendelea kuburuta behewa la vifurushi nyuma ya treni ya abiria, na wasafiri wa baiskeli wa mbali wamelitumia. Kwenye maji hali ni bora zaidi. Likoni na Kigamboni baiskeli husukumwa ndani ya feri sambamba na waenda kwa miguu na mikokoteni, hakuna anayeitazama mara mbili. Sakafu ni tupu, na hiyo ndiyo siri yote ya ufundi wake.

Na kwenye lami, aliyeshika mahali pa gadi ni makanga. Anayetilia shaka amtazame makanga mzoefu wa njia ya Kibwezi–Ikutha akiipandisha Mamba juu ya matatu. Huilaza kwa ubavu wa kushoto ili mnyororo na gia vitazame juu. Huweka gunia chini ya pedali isikwaruze paa. Hugeuza usukani ulale sambamba na fremu. Hufunga sehemu mbili kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu: uma wa mbele na fremu chini ya kiti. Hagusi spoki. Anayepitisha mpira kwenye spoki bado mwanafunzi, na baiskeli itashuka Ikutha na gurudumu linaloyumba. Haya yote hufanyika wakati abiria mmoja anahesabu chenji. Kasoro yake ni bei, ambayo hupangwa kwa kumtazama mtu usoni, na hilo chama cha wenye magari kingeweza kulimaliza kwa kubandika nauli ya baiskeli mlangoni.

Kwa hiyo mtu wa Ikutha anaweza kuisafirisha baiskeli yake kwa matatu ya miaka 15 lakini si kwa treni mpya iliyogharimu nchi mabilioni ya mikopo. Hilo haliwezi kuitwa maendeleo ya usafiri.

Kosa hili lina ukoo. Bajeti ya 2008 iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na ndani ya miaka michache boda boda ya baiskeli, iliyozaliwa mpakani Busia, ikafukuzwa barabarani na boda boda ya petroli. Pikipiki imewasaidia wengi, wajawazito kwanza. Ila tangu hapo wapangaji wamejiaminisha kwamba baiskeli imekufa, ilhali kila alfajiri Kitui Kusini bado inavuta maji kwa baiskeli. Mwaka 2020 Nairobi ilinunua treni 11 za dizeli zilizotumika Mallorca, kisiwa cha Hispania ambacho waendesha baiskeli wa dunia nzima hukikimbilia. Ndizo zinazounganisha kituo cha kati cha Nairobi na stesheni ya SGR, reli hii mpya, pale Syokimau. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili ya kumruhusu abiria atoke mjini hadi Kibwezi na baiskeli moja, treni mbili. Mjadala wa baiskeli haukusikika.

Kwingine ulisikika. Copenhagen iliondoa nauli ya baiskeli kwenye treni zake za mjini, S-tog, Januari 2010, na kulitenga behewa la kati kwa ajili yake: viti vya kukunja ukutani, mifereji sakafuni. Seattle miaka ya 1990 ilianza kufunga rafu ya chuma kwenye pua ya mabasi. Abiria anaiteremsha mwenyewe, anapachika baiskeli, dereva anaiona kupitia kioo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji umeme, kompyuta au mkopo. Ni chuma kilichokunjwa, na mafundi wa kukunja chuma wamejaa Gikomba.

Awamu ya Nairobi–Naivasha ilipofunguliwa Oktoba 2019 marekebisho yangeweza kuingia. Hayakuingia. Bado hatujachelewa, kwa sababu viti vya behewa huchakaa na siku moja hung'olewa ili vishonwe upya. Siku hiyo, safu nne za behewa moja la treni ya kaunti zisirudishwe. Behewa liwe lilelile kila siku na mahali palepale katika msafara, kwa kuwa Kibwezi treni haikawii. Alama ya baiskeli ichorwe sakafuni mwa jukwaa pale mlango wake unaposimama, ili mtu wa Ikutha asikimbie na kilo 20 akilitafuta.