Pampu Hujulikana Upande wa Maji

Anayenunua pampu ya shamba, mpya au iliyotumika, huanza kwa kuvuta kamba. Injini ikiitika mara moja kwa mlio mzito, mkono unaingia mfukoni. Injini ina uzito wake, lakini karibu kila mji mdogo una fundi wa kubadilisha ringi na kusafisha kabureta. Ubora wa pampu utafute upande wa pili, ule unaogusa maji.

Anza na sili, pete inayozuia maji ya ndani ya pampu yasifuate shafti hadi kwenye injini. Kati ya pampu na injini, kwa chini, kuna upenyo. Pampu ikiwa kazini, inama utazame hapo. Pakiwa pakavu, sili ni nzima. Pakidondoka hata tone mojamoja, sili imekwisha, na ukichelewa maji yatafika kwenye beringi. Sili hupozwa na maji yaleyale inayoyazuia, kwa hiyo ukiwasha pampu kavu huungua kwa dakika chache tu. Mwambie muuzaji akuwashie, nawe tazama mikono yake: asiyejaza maji kwanza amekwisha kukujibu maswali mengi.

Baada ya sili ni impela, gurudumu linaloyasukuma maji. Mchanga wa mtoni huila polepole, injini ikiendelea kunguruma vizuri huku maji yakipungua, na mkulima anadhani mto ndio umepungua. Dawa ya shaka hiyo ni pipa la lita 200. Pampu nyingi za inchi mbili huandikwa lita 600 kwa dakika, yaani pipa lijae kwa sekunde 20. Kibandiko husema kiwango cha juu kabisa, basi maji yakiwa karibu ikubalie hata nusu dakika. Ikipita dakika nzima na mpira hauvuti hewa, impela imelika, na bei ishuke.

Kuna lawama ambayo pampu hutupiwa bila kosa: kushindwa kuvuta maji ya kina kirefu. Pampu hupunguza hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha maji. Pwani, uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kidogo, hata pampu iwe kamilifu. Kwa kazi halisi hesabu 7. Huko Iringa, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, basi hesabu 5 au 6. Mkulima wa nyanya wa Ilula mwenye kisima kirefu atabadilisha pampu tatu bila nafuu. Wapo wanaoamua kuishusha injini ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Nawasihi wasifanye hivyo kamwe: moshi wa petroli hujaa shimoni na kuua mtu kabla hajajua kinachompata. Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzamisha majini.

Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye boksi nazipa uzito mdogo sana. Plagi husema zaidi: ifungue, ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka injini inaunguza vizuri, na ikilowa oili, ringi zimechoka.

Utunzaji si kazi kubwa. Kwa injini kama Honda GX160, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, kisha kila saa 100 au miezi sita. Chujio la mpira wa kuvutia lisiguse mchanga: litie ndani ya ndoo iliyotobolewa, uifunge kwenye dumu tupu linaloelea. Ukipitisha mbolea kwenye pampu, malizia kwa maji safi. Msimu ukiisha, mwaga maji yote na petroli iliyobaki kwenye kabureta, maana petroli ikilala miezi huacha utando unaoziba vitundu.

Kabla hujalipa, pita maduka ya spea ya mji ulio karibu nawe, uulizie sili na impela ya pampu hiyohiyo. Zisipopatikana, iache, hata kama bado imo kwenye boksi.