Mama na Binti Uso kwa Uso: Ufundi wa Freaky Friday

Sinema za watu waliobadilishana viwiliwili ni nyingi, na aghalabu mmoja wao huwa mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa hakuna pahali panapomdhalilisha mtu mzima upesi kama dawati la shule. Walakini miongoni mwazo ni chache zilizotengenezwa kwa hesabu kamili kama Freaky Friday ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Mark Waters na kuandikwa na Heather Hach pamoja na Leslie Dixon.

Kisa chenyewe si kizito. Tess Coleman, tabibu wa maradhi ya nafsi aliyefiwa na mumewe, yu karibu kuolewa mara ya pili. Binti yake Anna, mpiga gitaa katika bendi ya vijana, hamtaki mchumba huyo, wala hazitaki amri za mama yake. Alhamisi usiku wanagombana katika mkahawa wa Kichina, wanapewa biskuti zenye vikaratasi vya ubashiri, ardhi inatetemeka kwao wawili tu, na Ijumaa asubuhi kila mmoja anaamka ndani ya mwili wa mwenziwe. Tangu hapo Jamie Lee Curtis, aliyekuwa mama, hana budi kuwa binti, na Lindsay Lohan, aliyekuwa binti, hana budi kuwa mama.

Ili kuona jambo lililofanywa hapa, yafaa kuwatazama waliotangulia. Mwingereza F. Anstey, katika riwaya yake Vice Versa ya mwaka 1882, alimpeleka baba tajiri katika shule ya bweni akiwa ndani ya mwili wa mwanawe, ilhali mwana mwenyewe, aliyebaki nyumbani akistarehe katika mwili wa baba, hatumwoni ila kwa nadra. Mary Rodgers, aliyekitunga kitabu cha Freaky Friday mwaka 1972, alikisimulia chote kwa kinywa cha msichana. Alipokigeuza yeye mwenyewe kuwa sinema ya mwaka 1976, Barbara Harris akiwa mama na Jodie Foster akiwa binti, alituonyesha pande zote mbili, lakini akawaacha wahusika wake mbali mbali takriban siku nzima, huyu na jiko, yule na shule. Hach na Dixon waliivunja desturi hiyo: mama na binti wao wanakutana mara tu wanapoamka, wanashtakiana, wanaagana nani aende wapi na aseme nini, na kila matata yanapowazidi wanarejeana. Hila hii yaonekana ndogo, nayo ndiyo iliyobeba mchezo wote.

Maana mtazamaji hubadilishiwa watu bila kubadilishiwa sura wala sauti, na asipokumbushwa mara kwa mara ni nani aliye ndani ya nani, baada ya muda mfupi atasahau, naye akisahau hacheki. Wawili wanaposimama pamoja, macho yake hupata kipimo papo hapo: huyu mwenye mwili wa makamo amelegeza mabega na kuzungusha macho, na huyu mwenye mwili wa kijana amenyoosha shingo na kutamka kila neno mpaka mwisho wake. Tabia hizo hatukuziona kwanza asubuhi ya Ijumaa, bali ziliwekwa amana tangu mwanzo, tulipomwona Anna aking'ang'ania kitanda chake na Tess akiigawa siku kwa simu na ratiba. Baada ya muujiza waigizaji hawakuwa na kazi ila kuichukua amana hiyo, kila mmoja kutoka kwa mwenziwe.

Shuleni ndipo uandishi ulipokomaa. Anna amelalamika kwamba mwalimu wake wa Kiingereza humpa alama ya kushindwa hata afanyeje, na mama, kama mama wengi, amedhani ni uvivu. Sasa mama huyo anakaa katika dawati la binti yake, anatoa jawabu la mtu aliyesoma chuo kikuu, anapewa alama ile ile ya kushindwa, kisha anamtambua mwalimu kuwa ni kijana aliyepata kumtaka walipokuwa shule moja, naye akamkataa. Kicheko, ushahidi wa dhuluma, na toba ya mzazi vyote vimetiwa katika tukio moja, wala hakuna aliyehutubu.

Lakini kilele cha ufundi ni usiku wa Ijumaa, bendi ya Anna inapopanda jukwaani kushindana saa ile ile ya karamu ya kuamkia harusi. Mwili wa Anna upo mbele ya watu na gitaa mkononi, na aliye ndani yake hajui kulipiga. Nyuma ya pazia Anna halisi, katika mwili na mavazi ya mama yake, anapiga kwa niaba yake. Hesabu vizuri, msomaji: Lohan anaigiza mama anayejifanya binti anayejifanya anapiga, na Curtis anaigiza binti ambaye kwa mara ya kwanza siku ile hajifanyi mtu yeyote. Kwa hiyo uso wa Curtis, uliotaharuki kutwa nzima, hapo unang'aa kwa furaha tupu.

Sinema hii haikosi ila. Kijana Jake, anayempenda Anna, anavutwa na mwili wa mama kwa sababu ya nafsi iliyomo, na waandishi, baada ya kuuchokoza mushkili huo, wanaukimbia. Uchawi nao umeagizwa kwa bibi wa Kichina aliyewapa biskuti zile, asiye na kazi nyingine katika kisa, kama vile Anstey alivyoagiza jiwe lake la uchawi kutoka Bara Hindi. Sinema ya mwaka 1976 haikuhitaji mgeni wa kulaumiwa, maana mama na binti walitamani kwa wakati mmoja kubadilishana nafasi, yakawa.

Mwaka 2025 ilitoka Freakier Friday, iliyoongozwa na Nisha Ganatra, ambamo Anna, sasa mama mtu mzima, anabadilishana na binti yake, na Tess anabadilishana na msichana anayetazamiwa kuwa binti wa kambo wa Anna. Curtis na Lohan hawakupoteza ustadi wao. Lakini viwiliwili vinne humlazimu mtazamaji kukumbuka kabla ya kucheka, na katika hilo sinema ya kwanza inaishinda ya pili.