Neno HARAMBEE katika Nembo ya Kenya

Nembo ya Kenya ina picha nyingi na neno moja tu. Simba wawili wenye mikuki wameishika ngao. Ndani ya ngao yumo jogoo aliyeshika shoka. Chini yao ni Mlima Kenya pamoja na kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Utepe wa chini kabisa umeandikwa HARAMBEE. Mjadala juu ya neno hili umeelemea mno asili yake, na kazi yake katika nembo imesahauliwa.

Wako wanaodai kwamba neno limetokana na “Har Ambe”, wito wa kumsifu mungu wa kike wa Kihindu, nalo lililetwa na vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Kwa sababu hiyo wengine wametaka lifutwe. Wengine hulihesabu kuwa ni neno la pwani, la watu wavutao mizigo kwa pamoja.

Hata dai la kwanza likikubaliwa, hoja ya kulifuta haisimami. Ngara, mtaa wa Nairobi uliokaliwa zamani na familia nyingi za Wahindi, ni sehemu ya taifa lile lile linalowakilishwa na nembo. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Haiyumkiniki kumpokea mtu na kulikataa neno lake. Isitoshe, “gari” na “laki” zilitoka Bara Hindi, na hapana azitiliaye shaka.

Dosari iko kwingine. Harambee ni wito wa kazi: mmoja huita, wenziwe huitikia, na wote huvuta. Jomo Kenyatta alipoufanya wito wa taifa mwaka 1963, kamba ilikuwa mikononi mwa wote. Baadaye aghalabu wakubwa waliita na wanyonge wakavuta, hata sheria ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha harambee. Nembo nayo imehifadhi wito bila kiitikio, wala hamna binadamu hata mmoja ndani yake. Neno halihitaji kusafishwa asili. Lahitaji mwitaji ambaye naye ameshika kamba.