Kivuli cha Innsmouth na Magomvi ya Wasomaji Wake

Kitabu cha H. P. Lovecraft kiitwacho The Shadow over Innsmouth ni kidogo, na msomaji asiye mvivu hukimaliza kwa usiku mmoja. Walakini wasomaji wake hawajapata kupatana juu yake tangu kilipotoka mikononi mwa mtungaji. Wako wasemao kuwa hadithi za kitisho zilizotungwa Marekani katika karne ya ishirini hazina iliyo bora kuliko hii. Wako wasemao kuwa ni maneno mengi ya mtu aliyechukia wageni. Na wako, wala si wachache, wanaokipenda kwa sababu ile ile iliyowafanya wengine wakitupe. Katika makala haya nataka kuutazama mzozo huo, hasa ule uhusuo kurasa za mwisho, maana naona kuwa pande zote mbili zimepita mbele ya jambo moja bila ya kusimama.

Hadithi za namna hii zaweza kuitwa hadithi za kitisho cha ulimwengu. Kitisho chake si kile cha mzuka wa makaburini utokao usiku na kurudi alfajiri. Ni hofu impatayo mtu atambuapo kwamba ulimwengu haumjali, kwamba kabla yake walikuwako wenye nguvu kumshinda, na baada yake watakuwako hao hao. Ustadi wa Lovecraft katika kitabu hiki ni kuitwaa hofu kubwa kama hiyo na kuitia katika mji mdogo wenye bandari iliyojaa mchanga, kiwanda kimoja cha kusafishia dhahabu, makanisa yaliyobadilishwa matumizi, na harufu ya samaki isiyokwisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Julai 1927 kijana mmoja azunguka New England akitafuta mambo ya kale na nasaba ya ukoo wake. Afikapo Newburyport, mji wa kweli ulioko Massachusetts, aambiwa kuwa liko gari la abiria la nauli rahisi lipitalo Innsmouth, mji usiopendwa na jirani yeyote, na usiopatikana katika ramani yoyote ila katika hadithi hii. Akuta huko watu wenye macho yasiyopepesa na ngozi iliyokunjamana shingoni. Mzee mlevi wa miaka 96, Zadok Allen, amfunulia siri kwa malipo ya pombe. Zamani nahodha Obed Marsh alijifunza katika visiwa vya Bahari ya Kusini kufanya biashara na viumbe wa chini ya bahari. Wao walitoa dhahabu na samaki. Wakataka watu wa kafara, kisha wakataka ndoa. Watoto wa ndoa hizo huanza kama binadamu, na umri ukisogea hugeuka, wakaingia baharini wasife tena. Usiku kijana awindwa katika hoteli, akimbia, na kuiarifu serikali. Watu hukamatwa, nyumba hulipuliwa, nyambizi hupiga makombora chini ya mwamba. Baada ya miaka michache kijana huyo apekua nasaba yake, akaona kwamba nahodha Obed ndiye aliyemzaa mama wa bibi yake. Atazamapo kioo, macho ni yale yale.

Viumbe hao Lovecraft awaita kwa jina ambalo kwa Kiswahili halina budi kuwa Watu wa Kilindini. Najua kuwa msomaji wa Mombasa atacheka kidogo. Na acheke, jina la bandari yake ni Kiswahili safi na lina maana hiyo hiyo.

Msomaji wa kwanza kukichukia kitabu alikuwa mtungaji mwenyewe. Alikiandika mwishoni mwa mwaka 1931, akaona kina makosa yote aliyoyalaumu kwa watungaji wengine, akakiweka. Rafiki yake August Derleth alikipeleka mwaka 1933 kwa mhariri wa jarida la Weird Tales bila ya kumwambia, nacho kikakataliwa, kwa kuwa ni kirefu na hakikatiki vizuri vipande viwili. Mwaka 1936 mchapaji mdogo wa Everett, Pennsylvania, akakitoa. Makosa ya chapa yalikuwa tele, na nakala zilizojalidiwa zilikuwa kama 200 tu. Lovecraft akafa mwezi wa Machi 1937, na hicho ndicho kitabu cha pekee cha hadithi zake alichokiona kikiuzwa.

Wahakiki walipokuja baadaye, walikuja na rungu. Mwaka 1945 Edmund Wilson, mhakiki aliyeheshimiwa mno katika Marekani ya siku zile, aliandika katika New Yorker kwamba mtungaji huyu hutegemea vivumishi vya kutisha pale ambapo kisa chenyewe kingepaswa kutisha, na kwamba kazi yake yote ni ya ladha mbaya. Neno hilo ni kweli kwa hadithi nyingi za Lovecraft. Lakini twaa sura ya usiku ule wa hotelini. Kijana aona kuwa komeo la mlango limeondolewa. Ang'oa komeo la kabati lenye kipimo kile kile, na kwa kibisibisi kidogo kilichomo katika funguo zake alikaza mlangoni. Kisha alala na nguo zake, asikia ngazi zikilia, asikia ufunguo ukijaribiwa polepole katika kitasa. Vivumishi vimekaa kimya hapo. Komeo ndilo linalosema. Sijui sura nyingine ya mtungaji huyu iliyo na mkono mtulivu kama huo. Masimulizi ya mzee Zadok sitayatetea: ni marefu, na lafudhi yake ya kubuni huchosha hata wenye lugha.

Mzozo mkubwa zaidi ni wa chuki. Barua za Lovecraft zimechapwa, na hakuna awezaye kukana kwamba aliwadharau Weusi, Wayahudi na wahamiaji wa kila namna, na kwamba kuchanganyika kwa damu kulimtia kichefuchefu. Nnedi Okorafor, mtungaji mwenye asili ya Nigeria, alipata tuzo ya World Fantasy mwaka 2011, na tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Alipolisoma shairi moja la matusi la mtu huyo, akauliza hadharani maana ya kuiweka sanamu ile nyumbani kwake. Mwaka 2015 wenye tuzo waliiacha sanamu. Kwa hiyo mwanafunzi asemaye kuwa Innsmouth ni hadithi ya kuogopa machotara, ikavishwa magamba ya samaki, hasemi uzushi. Hofu hiyo imo katika kila ukurasa.

Wengine wameitafuta sababu karibu zaidi. Baba yake Lovecraft alitiwa katika hospitali ya wenye wazimu mwaka 1893, akafia humo mwaka 1898. Mama yake naye aliingizwa hospitali ile ile mwaka 1919, akafa mwaka 1921. Mtu aliyezaliwa na wawili hao aweza kweli kuogopa kioo. Naikubali habari hii kuwa sababu ya hofu, ila haimtakasi. Wengi wameogopa urithi wao bila ya kumchukia jirani.

Twaja sasa kwenye mwisho. Kijana anunua bastola, akaribia kujiua, kisha aiacha. Ndoto zamvuta. Akata shauri kumtorosha binamu yake aliyefungwa katika nyumba ya wazimu, waende pamoja baharini wakae milele. Kundi la kwanza la wasomaji husema kuwa hicho ndicho kilele cha kitisho: akili imekwisha kutekwa, na furaha ile ni ya mtu aliyekwisha kupotea. Kundi la pili husema la, huku ni kurudi kwa jamaa. Mwana aliyekuwa peke yake amepata kwao. Katika kundi hili yumo Ruthanna Emrys, ambaye katika riwaya yake Winter Tide ya mwaka 2017 aliwafanya watu wa Innsmouth kuwa wafungwa wa kambi ya jangwani, na baadaye wakaletewa wenzao, Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Wazo hilo halikutoka hewani. Lovecraft mwenyewe, katika ukurasa wake wa mwanzo, ataja kambi na watu waliochukuliwa bila ya hukumu. Tena, Weird Tales ilikichapa kitabu hiki, kikiwa kimefupishwa, katika toleo la Januari 1942. Mwezi wa Februari serikali ya Roosevelt ilitoa amri iliyowapeleka Wajapani wa Marekani wapatao 120,000 kambini.

Msomaji wa pwani yetu huelekea upesi upande wa pili, na si kwa huruma tu. Ndoa ya mtu wa nchi kavu na mtu wa bahari si habari ngeni kwetu. Katika Alfu Lela Ulela yumo Julnar, binti wa bahari aliyeolewa na mfalme wa Khorasani. Mjomba mtu amtwaa mtoto mchanga, ajitosa naye baharini, na baba ahuzunika akidhani amezama. Kumbe amefanyiwa dawa tu ili maji yasimdhuru maisha. Wajomba hukaribishwa karamuni. Lovecraft alikipenda kitabu hicho tangu umri wa miaka mitano, hata akajipa jina la Kiarabu la kuchezea. Kisa alikuwa nacho, basi, na njia ya kukisimulia bila ya hofu alikuwa nayo, akachagua nyingine.

Liko na jingine lituhusulo. Mwuza tiketi wa Newburyport, akimweleza kijana kwa nini watu wa Innsmouth wana sura ile, asema kuwa meli za New England zilikuwa na shughuli katika bandari za ajabu za Afrika, za Asia na za Bahari ya Kusini, nazo zilirudi na watu wa ajabu. Bandari za Afrika ni zipi? Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alikuja Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Salem na Newburyport zi katika wilaya moja ya Essex, na mji wa Arkham katika hadithi hizi umefananishwa na Salem. Meli zake zilipakia pembe, sandarusi na ngozi. Zilishusha nguo ambayo wazee wetu waliiita merikani. Hivyo mwuza tiketi alipokuwa akitafuta asili ya kivuli, kidole chake kilielekea kwetu pia. Msomaji wa Unguja hasimami pembeni mwa kitabu hiki. Amehesabiwa ndani yake, katika sentensi moja, pamoja na yale yasiyotajika.

Pamoja na hayo siwezi kulifuata kundi la pili mpaka mwisho wake. Watu wa Kilindini si wahamiaji wanyonge. Mwaka 1846 walipanda kutoka baharini wakaua sehemu kubwa ya mji, na kafara walizitaka kila mwaka. Emrys hujibu kuwa hayo ni masingizio, nayo yatoka katika kinywa cha mlevi. Jibu hilo lingetosha kama Zadok angekuwa shahidi pekee. Walakini katika ndoto bibi ya kijana amwambia kwamba siku moja watu wake watapanda tena kudai haki yao, na mji utakuwa mkubwa kuliko Innsmouth. Huyo si mlevi, wala si adui. Anayetaka kuifanya hadithi hii iwe ya kurudi nyumbani hana budi kusema pia nyumba hiyo yala nini.

Na hapa ndipo lilipo jambo lililopitwa na wengi. Kijana huyu ndiye aliyeishitakia serikali Innsmouth. Asema hivyo mwenyewe mwanzoni, karibu kwa kujisifu. Waliochukuliwa kambini walikuwa jamaa zake. Mwamba uliopigwa makombora ulikuwa mlango wa nyumba ya bibi zake. Hakujua, lakini alifanya. Bibi yake amwambia katika ndoto hiyo hiyo kuwa kwa kosa la kuleta mauti ya watu wa juu atatoa fidia, wala haitakuwa nzito. Mtungaji aipita sentensi hiyo mbio. Kundi la kwanza haliioni, maana kwao viumbe wale hawana sheria. Kundi la pili nalo haliioni, maana kwao kijana hana hatia. Lakini ndiyo sentensi pekee katika kitabu ambamo mtu ahukumiwa kwa alilotenda, si kwa damu yake. Na anayehukumu ni jini la baharini. Serikali iliwachukua watu kwa sura zao. Bibi atazama tendo, alipima, atoa adhabu ndogo, na kumkaribisha mjukuu bustanini. Kwamba sentensi hiyo iliandikwa na mtu mwenye barua zile, sina maelezo yanayotosha.

Atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili, na natumaini atapatikana, asitumie maandishi yaliyofupishwa ya mwaka 1942. Atumie yale yaliyosahihishwa na S. T. Joshi, yaliyochapwa mwaka 1984. Afikapo kwa mwuza tiketi, asilainishe maneno; aandike bandari za ajabu, na aiache Afrika mahali pake. Na katika ndoto neno la bibi nisingelifasiri adhabu, ijapokuwa nimelitumia hapa juu. Ningeandika fidia, kama ilivyo baina ya jamaa.