Tuandike Namna Gani Historia ya Bambuti?

Mwaka 1961 vilitoka vitabu viwili vinavyotuhusu sisi watu wa Kongo. Cha kwanza kiliandikwa na Mwingereza Colin Turnbull, jina lake The Forest People, nacho chasimulia maisha ya Bambuti wa mwitu wa Ituri. Cha pili kiliandikwa na Mbelgiji Jan Vansina, jina lake De la tradition orale, nacho chafundisha namna ya kupima masimulizi ya wazee ili yawe ushahidi wa historia. Kile cha kwanza kilisomwa na watu wengi katika nchi nyingi. Cha pili kilisomwa hasa na wataalamu. Twapenda kuvipima vyote viwili kwa faida ya vijana wetu wa vyuo vikuu, maana wapo wanaochagua historia ya Bambuti, au ya ndugu zao Batwa, kuwa kazi yao ya mwisho wa masomo. Nao wazazi wanaowalipia masomo wana haki ya kujua kazi ya namna hiyo yafaa nini.

Tuanze na mema ya Turnbull. Alifika Ituri mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi mwaka 1954, kisha akakaa tena miaka 1957 na 1958. Alilala katika vibanda vya majani, akafuatana na wawindaji na nyavu zao. Kabla yake wageni wengi walikuja kupima vichwa na urefu wa watu, kana kwamba wanapima mbao. Yeye aliandika majina: kijana Kenge, mzee Moke, na yule Cephu aliyeutega wavu wake mbele ya nyavu za wenzake ili apate nyama kwanza. Kambi nzima ilimhukumu Cephu, akaona haya, akarudisha nyama, na mwisho akapokelewa tena. Katika kurasa zile msomaji aona sheria, aibu na msamaha, ijapokuwa hakuna mfalme wala polisi. Hii ni kazi njema, na mwenye kuidharau hakuisoma.

Lakini kusifu watu si sawa na kuandika historia yao. Kosa la kitabu hiki ni kwamba mwitu wake hauna miaka. Bambuti waonekana kama watu wanaoishi vile vile tangu mwanzo wa dunia, na majirani zao wakulima, Babila, waonekana kama watu wa nje wanaouogopa mwitu. Kijijini, asema mwandishi, Bambuti wajifanya watumishi tu. Wakirudi mwituni wawa watu huru. Basi mwanafunzi asomaye upesi hunakili maneno hayo, akaandika: «Bambuti wameishi hivi tangu milele.»

Tazameni sasa ushahidi uliomo katika maisha yale yale. Bambuti wa nyavu wa upande wa Epulu wasema lugha ya Babila. Efe, wanaowinda kwa upinde, wasema lugha iliyo moja na ya Balese. Je, lugha ya nyumbani hupatikana kwa kubadilishana ndizi na nyama siku moja moja? Hapana, hiyo ni alama ya vizazi vingi vya kukaa pamoja. Vijana wa Bambuti huingia nkumbi, yaani tohara na mafundisho yake, pamoja na vijana wa kijiji. Chuma cha visu na mikuki kilitoka kwa majirani. Hata Kiswahili cha Ituri, kilichoitwa Kingwana, kilifika pamoja na wafanya biashara wa pembe za ndovu kabla ya mwaka 1900. Kisha serikali ya wakoloni ilikata barabara, ikajaribu kuwatoa Bambuti mwituni na kuwapa mashamba. Mambo hayo yote ni historia, na mengine yamo katika kitabu chenyewe, lakini mwandishi ayapita kama mtu apitaye kando ya kisima huku akitafuta maji.

Tusimlaumu Mwingereza peke yake. Padre Paul Schebesta aliingia Ituri mwaka 1929, akarudi tena mara kadhaa hata miaka ya 1950. Alituachia vitabu vikubwa vilivyochapwa Bruxelles kuanzia mwaka 1938, vyenye habari za lugha, ukoo, uwindaji na sala. Mwanafunzi asiviache. Lakini ajue vilitoka katika swali gani. Mwalimu wake, Padre Wilhelm Schmidt, aliandika mwaka 1910 kwamba watu wa namna ya Bambuti ndio walio karibu kuliko wote na binadamu wa kwanza, naye alitafuta kwao imani ya kwanza katika Mungu mmoja. Swali lile lilikuwa na heshima, nalo liliwatetea watu waliodharauliwa. Walakini mtu anayeulizwa habari za Adamu haulizwi habari za babu yake. Hivyo padre na Mwingereza, ijapokuwa hawakupatana katika mengi, waliwanyima Bambuti kitu kile kile: tarehe.

Vansina atusaidia hapa. Afundisha kwamba neno la mzee ni ushahidi kweli, lakini sharti lipimwe kama ushahidi wowote. Nani asema? Alisikia kwa nani? Asema mbele ya nani, na apata faida gani akisema hivi? Wimbo haupimwi kama orodha ya ukoo, wala orodha ya ukoo kama hadithi ya jioni. Kwa mafundisho hayo mwanafunzi hawezi tena kuandika «wazee wasema» na kuishia hapo.

Hata hivyo kitabu hiki nacho kina upungufu kwa kazi yetu. Vansina alianza utafiti wake mwaka 1953 kwa Bakuba wa Kasai, watu wenye mfalme, baraza, na walinzi wa habari za ufalme. Bambuti hawana mfalme. Mwanafunzi akiwaendea na kuuliza orodha ya wafalme, atarudi na kikapu kitupu, kisha ataandika kwamba hawana historia. Aulize mambo mengine: majina ya kambi za zamani na vijito, mahali pa asali pa ukoo gani, nani alioa wapi, ukoo huu ulishirikiana na nyumba gani ya kijiji na tangu lini. Aulize kambi ilikuwa wapi barabara ilipokatwa, wapi wakati wa uasi wa Simba wa mwaka 1964, wapi wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998. Hapo miaka itaanza kuonekana.

Wengine watasema: miaka ni jambo la wataalamu, yatufaa nini? Yafaa sana. Mwaka 1970 serikali iliunda mbuga ya Kahuzi-Biega huko Kivu, ikaipanua mwaka 1975, na Batwa waliokaa humo walifukuzwa. Walishitaki, na hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotangazwa mwaka 2024, iliwapa haki. Tena tangu mwezi wa Julai mwaka 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu hawa. Lakini mbele ya hakimu sifa za mwitu hazitoshi. Hakimu ataka kujua nani alikaa wapi, na aliondolewa mwaka gani. Watu walioandikwa kuwa wa «tangu milele» watawezaje kuonyesha siku waliponyang'anywa?

Kwa hiyo shauri letu kwa mwanafunzi ni hili. Asome Turnbull, na asikose kitabu chake cha mwaka 1983 kinachosema juu ya mabadiliko ya Bambuti, maana mwandishi mwenyewe aliendelea kutazama. Asome Schebesta kwa uangalifu na Vansina kwa kalamu mkononi. Asiandike «mbilikimo», neno la kupima kimo cha watu. Aandike Bambuti, au afadhali Efe na Asua, kadiri wenyewe wanavyojiita. Asichukue mwitu mzima, kwa kuwa miezi yake ni michache. Achukue kambi moja na miaka yake sitini, akaonyesha kila neno limetoka kwa nani. Awasikilize na majirani wakulima, bila kuwafanya wabaya wa hadithi. Na kabla ya kupeleka kazi kwa mwalimu, airudishe kambini, aisome kwa sauti mbele ya wale waliosema, nao wamwonyeshe palipokosewa. Mwalimu atampa alama zake. Lakini wenye habari ndio wajuao kama mzee fulani alizaliwa ng'ambo hii ya mto au ile.