Waliokata Stensili Mlimani

Kabla ya yote, utepe wa wino ulizuiwa usiinuke. Taipureta nyingi za ofisini zilikuwa na kiswichi kidogo pembeni chenye alama ya nyeusi, nyekundu na nyeupe, na mhazili aliyeijua kazi yake alikisogeza kwenye nyeupe bila hata kukitazama. Kuanzia hapo kila herufi ilishuka kavu, chuma kitupu juu ya karatasi laini yenye nta, ikaitoboa. Alikuwa hapaki wino. Alikuwa anakata njia ambayo wino ungepita baadaye. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo hawakusema kuandika stensili. Walisema kukata.

Herufi o ilikuwa korofi. Ukiipiga kwa nguvu za kawaida, kiduara cha katikati kilichomoka kizima, na kwenye nakala zote pakatokea doa jeusi mahali pa herufi. Nukta nayo ilitoboa tundu. Kwa hiyo mhazili aliipiga o kwa kidole chepesi, na m kwa kidole kizito, kwa kuwa m ina miguu mingi na nguvu ya pigo hugawanyika. Vivyo hivyo w. Kila kidole kilikuwa na uzito wake kwa kila herufi, na uzito huo ulipaswa kubaki uleule kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, asubuhi na jioni, hata kama nyumbani kuna mtoto mwenye homa. Kiswahili, ambacho karibu kila neno lake huishia kwenye irabu, hakikumhurumia: o na a zilimjia kwa mafungu.

Akikosea, kazi ilisimama. Alizungusha roli kuipandisha karatasi, akaingiza penseli kati ya stensili na karatasi ya nyuma ili zisigandamane, akalisugua kosa taratibu kwa kitu kisicho na ncha, mara nyingi mgongo wa kibanio cha karatasi. Kisha alifungua kichupa cha dawa ya kuzibia, yenye harufu iliyopanda mpaka kichwani, akapaka tone moja kwa brashi nyembamba, akapuliza, akangoja ikauke. Ndipo akairudisha karatasi pale pale ilipokuwa, bila kupishana hata unywele, akapiga herufi sahihi kwa kidole kizito kidogo kuliko kawaida. Dakika mbili au tatu kwa herufi moja. Ukurasa wenye makosa kumi ulikuwa umekula nusu saa, na bosi mwenye tabia ya kubadili mawazo katikati ya aya alijulikana jengo zima.

Alipomaliza, aliuinua ukurasa mbele ya dirisha. Mwanga ulipita kwenye herufi na hapo ndipo aliposoma kwa mara ya kwanza alichokikata.

Kazi hiyo ndiyo iliyobeba maisha ya Mlimani. Chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia kwenye kilima, hapo Mlimani, mwaka 1964. Wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, mpaka tarehe 1 Julai 1970 kiliposimama chenyewe. Wanaosimulia miaka hiyo hupenda kuwataja wanenaji. Wanamtaja Walter Rodney, ambaye mihadhara yake ilijaza kumbi. Wanautaja Ukumbi wa Nkrumah, mijadala ya usiku, maandamano ya Oktoba 1966 ya kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na hasira ya Mwalimu Nyerere iliyowarudisha wanafunzi makwao kwa mamia. Yote ni kweli. Lakini hoja iliyosemwa usiku ukumbini ingekufa asubuhi kama pasingekuwa na chumba chenye mashine ya kudurufu, harufu ya wino na rimu za karatasi zilizoegemezwa ukutani.

Kila kitu kilipitia humo. Mitihani ilikatwa na mhazili aliyeaminiwa kuliko baadhi ya wahadhiri, na stensili zake zikachomwa moto, maana stensili iliyokwisha kutumika bado inasomeka. Mada za semina, miswada ya michezo ya kuigiza ambayo wachezaji walikwenda nayo mazoezini ikiwa imekunjwa mfuko wa nyuma, ratiba ya mpira kati ya mabweni, tangazo la msiba, tangazo la dansi. Ukitaka kujua maisha ya chuo yalivyokuwa, nusu yake ilipita katikati ya roli za mashine hiyo na kutokea upande wa pili, bado mbichi, ikihitaji kuachwa ikauke kabla ya kupangwa.

Mfano unaostahili kukumbukwa kuliko yote ni wa mwaka 1968. Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wake vijijini kwao, kusini na mashariki mwa nchi, wakazungumze na wazee waliokuwa hai wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita vile vilikuwa vimeandikwa kwa sehemu kubwa na Wajerumani waliovizima. Sasa mjukuu alikaa mkekani, akauliza, akaandika. Masimulizi hayo na taarifa za wanafunzi zilikusanywa na kudurufiwa chuoni, mafungu kwa mafungu, na mpaka leo wanahistoria wanaoandika kuhusu Maji Maji hurejea kwenye kurasa hizo za stensili kwa sababu wazee wale hawapo tena wa kuulizwa mara ya pili.

Tafakari kidogo safari ya neno la mzee mmoja wa Umatumbi. Limetoka mdomoni mwake, likaingia kwenye daftari la kijana mwenye mwandiko wa haraka, likapanda basi hadi Dar es Salaam, likawekwa kando ya taipureta ya mhazili ambaye pengine hakuwahi kufika Kilwa. Majina ya mito, ya koo, ya majumbe, ya dawa, ambayo hajawahi kuyasikia. Akikosea herufi moja, jumbe mmoja amezaliwa ambaye hakuwepo. Kazi ile haikuwa na nafasi ya jina lake popote. Mwandishi alitajwa, mhariri alishukuriwa, mhazili akaenda nyumbani na vidole vyenye harufu ya dawa.

Mwaka uliofuata, 1969, ilitoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, kuhusu mganga wa Ngarambe wa vita hivyo hivyo vya Maji Maji. Na mwishoni mwa mwaka huo huo kilianza kijarida ambacho bila stensili kisingekuwepo kabisa.

*Cheche* lilikuwa jarida la wanafunzi wenye siasa kali, chini ya umoja wao uliojulikana kwa kifupi kama USARF, ambao mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hesabu, Henry Mapolu, na Zakia Meghji ambaye miaka mingi baadaye angekuwa Waziri wa Fedha. Jina lilikuwa la Kiswahili na matumbo karibu yote ya Kiingereza, jambo ambalo wajamaa wale hawakuliona ajabu kama linavyoonekana leo. Hapakuwa na picha za rangi wala matangazo ya bia. Kilichokuwepo ni aya ndefu zilizobanana, zilizodurufiwa, zikabanwa kwa pini pembeni. Mwaka 1970 toleo maalumu lilibeba makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kimya ya kitabaka nchini, makala ambayo baadaye ilichapwa kitabu na kusomwa mbali sana na Mlimani.

Kijarida cha namna hiyo kilikuwa kazi ya mikono mingi. Waliowahi kuifanya, chuoni, parokiani au kwenye chama cha ushirika, watakumbuka mzunguko wa meza. Kurasa zimepangwa mafungu, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la thelathini. Watu wanafuatana kuizunguka meza, kila mmoja anaokota ukurasa mmoja kila fungu, anagonga kingo zilingane, anampa mwenye stepla, anaanza upya. Saa nzima, saa mbili. Mikono ina kazi na midomo haina. Ubishi unaanza, na kwa kuwa anayebishana naye amebeba ukurasa wa saba wa hoja yenyewe, anaweza kumwonyesha mstari. Wapo waliojifunza siasa katika madarasa ya Jumapili yaliyoendeshwa na umoja ule, na wapo, bila shaka, walioisoma kwa kuizunguka meza.

Novemba 1970 umoja ulipigwa marufuku na *Cheche* pamoja nao. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lile liliazimwa kwa wageni, likanukia Urusi. Vijana hawakugomba. Januari 1971 walitoa jarida jingine, safari hii chini ya tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, wakaliita *MajiMaji*. Nani angethubutu kusema jina hilo ni la kigeni? Mashine ilikuwa ile ile ya kudurufu.

Haifai kuvisifia vyote vya zamani. Mlimani hapo hapo palikuwa na maandishi ya aina nyingine, yaliyobandikwa ukutani usiku bila jina la mwandishi, na yaliyojulikana kwa jina la Punch. Katuni na maneno machafu, hasa dhidi ya wanafunzi wa kike. Yalivumiliwa kwa miaka kama mzaha wa vijana. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa na watu hao alijiua, na ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba lile halikuwa mzaha. Tofauti ya ukuta ule na jarida la stensili haikuwa ujasiri, kwa maana *Cheche* nalo liliikosoa serikali, tena mchana kweupe. Tofauti ni kwamba jarida lilikuwa na majina ya wahariri, na kati ya hasira ya mwandishi na macho ya msomaji alikaa mtu mwenye taipureta, aliyelisoma kila neno herufi kwa herufi. Mtu huyo angeweza kuinua kichwa na kuuliza, "Hapa ndivyo ulivyokusudia?" Swali hilo pekee limeokoa heshima za wengi.

Wahazili hao walisomea kazi yao. Wengi wa serikalini walipita Chuo cha Uhazili Tabora, wakafanya mitihani ya taipu na hatimkato, ile lugha ya mikunjo na vitone inayokimbizana na mdomo wa msemaji. Hata miaka ya karibuni matangazo ya kazi za katibu mahsusi serikalini yameendelea kudai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika, na waombaji wamekuwa wakijiuliza maneno hayo yataandikwa wapi, ilhali bosi mwenyewe hutuma sauti kwa simu. Maarifa ya vidole vyepesi na vizito hayakupata hata tangazo la namna hiyo. Fotokopi iliingia, kompyuta ikafuata, na mashine za kudurufu zikasukumwa kwenye stoo za mashule, ambako baadhi zimekaa mpaka leo chini ya viti vibovu.

Siku hizi karibu na chuo chochote zipo steshenari zinazofuatana ukuta kwa ukuta. Mwanafunzi huleta faili kwenye simu, analituma kwa WhatsApp kwa kijana wa dukani, na kitabu kizima kinatoka kabla soda haijaisha. Ni neema, na asiyeisema hivyo hakuwahi kungoja stensili. Lakini tazama kinachotoka. Kurasa zimepinda, ukurasa wa 41 umerudiwa mara mbili na wa 42 haupo, na jina la mwandishi limekatwa nusu na kivuli cha dole gumba la aliyepiga picha. Hakuna aliyesoma. Kijana wa dukani hana sababu ya kusoma, mwanafunzi anasema atasoma usiku. Kosa lililokuwa likigharimu dakika tatu za dawa na kupuliza sasa halina bei yoyote, na kwa hiyo limezaana.

Kwenye makundi ya simu hali ni hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Tamko la wanafunzi huandikwa na mmoja, likasambazwa na elfu, likafutwa na aliyeliandika kabla ya saa sita mchana. Aliyelisambaza hawezi kusema lilitoka wapi.

Karatasi za stensili nazo si za milele. Zilikuwa za bei rahisi, zenye vinyweleo vya kunyonya wino, na karatasi ya namna hiyo hugeuka kahawia na kumeguka kingoni. Nakala zilizosalia za miaka ile, katika makusanyo ya Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Mlimani na katika masanduku ya watu binafsi, zinahitaji mikono ya polepole. Hata hivyo zipo. Hirji na wenzake walipotaka kukisimulia kisa cha *Cheche*, miaka arobaini hivi baadaye, walikuwa na kurasa za kurudia, za kunukuu na za kubishania, wakatoa kitabu kwa Mkuki na Nyota. Mtafiti wa Maji Maji anayo mafungu yake ya 1968. Atakayetaka kujua wanafunzi wa Mlimani walibishana nini mwaka 2015, mwaka wa uchaguzi ulioitikisa nchi, na nani alimjibu nani kwa maneno gani, itabidi aanze kuwatafuta watu ambao wameshabadilisha simu mara tatu, na wengine namba kabisa.