Pua Ishuhudie, Ua Liamue

Mvua za Tabora zikishika, kuanzia Novemba hivi, pembezoni mwa ua huchipuka mmea ambao hakuna aliyeupanda. Nguo ikiupitia tu, harufu inafunguka. Jani linafikichwa, linanuswa, na hukumu inatoka papo hapo: kivumbasi. Huenda ni kweli, ila imetolewa mapema mno. Mtambuzi hodari wa mimea ya harufu hujulikana kwa subira yake mbele ya ushahidi, na ushahidi wa pua, pamoja na utamu wake wote, ndio dhaifu kupita wote. Kwanza, jina kivumbasi hubeba mimea zaidi ya mmoja: upo Ocimum gratissimum, kichaka kinachoweza kumpita mtu mzima kimo, na upo Ocimum americanum, mmea mfupi unaofika magotini na kufa baada ya msimu. Pili, hata ndani ya spishi moja harufu hutofautiana. Gratissimum mmoja ukiuvunja tawi utadhani umefungua kopo la karafuu, kwa kuwa umejaa yujinoli, kiini kilekile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mwingine wa spishi hiyohiyo hutawaliwa na taimoli, nao hunukia kama dawa ya kusukutua kinywa. Anayetegemea pua peke yake atawatenganisha ndugu hawa wa damu.

Basi vidole na macho vifuate. Bingirisha shina kati ya vidole: la kivumbasi, kama la mrehani na mnanaa, lina pembe nne, na majani hutoka mawilimawili yakitazamana. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo makosa makubwa yanapozaliwa. Lantana camara nayo ina shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali, na majani yake huharibu ini la ng'ombe. Huyo hufichuliwa na vijimiba vya shina na maua yake yaliyofungamana kama kifungo cha rangi mbilitatu. Ageratum conyzoides, ambayo pia ina sumu ya ini, ina shina la mviringo lenye manyoya na maua kama vibrashi vya samawati au vyeupe. Mgumu kuliko hao ni Hyptis suaveolens, kwa sababu ni wa ukoo uleule wa mrehani: pembe nne anazo, harufu anayo, na hata mbegu zake zikilowekwa hujivika ute kama za mrehani, kwa hiyo kipimo cha bakuli la maji hakiwatenganishi. Kinachoamua ni kikombe kinachobaki ua likidondoka. Cha kivumbasi kina mdomo wa juu mpana, wa duara, kama kofia iliyoinamia mbele. Cha Hyptis kina meno matano membamba yanayochoma kama nywele za brashi. Maua ya kivumbasi hupangika pete juu ya pete kwenye suke la nchani, aghalabu sita kila pete, ilhali ya Hyptis ni ya zambarau na hujificha makwapani mwa majani. Lenzi ndogo ya mkononi inatosha kuyaona yote haya.

Patakuwa na wa kupinga kwamba wazee wanaoweka matawi ya kivumbasi chumbani kufukuza mbu hawajawahi kuhitaji lenzi. Kweli. Lakini hao hawatumii pua tu: wanajua kimo chake, msimu wake na mahali anapoota, na huo ni ushahidi wa mwili wa mmea, uliokusanywa kwa miaka. Jina la Kinyamwezi wanalolitaja liandikwe kama lilivyo, likikumbukwa kuwa jina la dawa mara nyingi hufuata kazi kuliko spishi. Hoja nyingine huvutia zaidi hapa: kwamba mmea wa harufu ulioota karibu na tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lazima uliletwa na misafara ya biashara ya zamani, kama inavyosimuliwa miembe. Hapana. Kivumbasi ni mwenyeji wa Afrika. Mrehani ulitoka Asia. Hyptis na lantana asili yao ni Amerika. Wote hupenda udongo uliotifuliwa, na mahali pa kuotea hapatoi cheti cha kuzaliwa.

Mvumbuzi James Grant, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, pamoja na mwenzake John Speke mwaka 1861, alikausha mimea njiani, na orodha yake ikachapishwa London katika miaka ya 1870. Njia yake bado inafaa: kata tawi lenye ua na tunda pamoja, libane ndani ya gazeti, andika tarehe, mahali, kimo, na hasa rangi ya ua na harufu, maana hizo hazidumu kwenye mmea mkavu. Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyopo Arusha italilinganisha na vielelezo vyake. Hadi jibu lirudi, jani hilo lisiingie kwenye birika la chai.